Mkojo wa Kuazima

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ameendesha kreni katika yadi ya vyuma tangu ndevu zake zilipokuwa za kuhesabika. Wenzake wanamwita Mwewe, kwa ajili ya kule juu anakokaa na kwa ajili ya ukimya wake. Ninaandika habari zake mimi, mjane wa kaka yake, kwa kuwa mtaani kwetu zimekwisha kusimuliwa na watu wasiozijua, na wengi wao walizipata dirishani.

Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya mkwe wangu. Nilipoolewa, yeye alikuwa bado anavaa kaptura, na jambo nililoliona kwake mapema ni kwamba hakuwa na kipaji cha uongo. Si kwamba alikuwa mtakatifu. Alijaribu kama watoto wote, lakini kabla hujamuuliza lolote alikuwa ameshaanza kujikuna shingo. Marehemu alizoea kusema kwamba mdogo wake akiamua kuwa mwizi, atajikamata mwenyewe na kujipeleka kituoni.

Shule haikumkubali. Akaenda yadini kufunga minyororo kwenye mizigo, kazi ya kuinama tangu asubuhi mpaka kiuno kigome. Dereva wa kreni wa wakati huo alimwona akikadiria uzito wa mzigo kwa kuutazama tu, akampandisha ngazi ili amfundishe. Huko ndiko alikopata heshima yake. Nimewahi kusimama getini nikamwangalia. Fungu la nondo linaponing'inia, upepo hulizungusha. Dereva mbaya hupigana nalo. Mwewe hulifuata, anakwenda nalo linakokwenda, mpaka lenyewe linachoka na kutulia, ndipo analishusha. Watu wanapita chini yake na vyuma vizito hewani, wala hawatazami juu. Sijui kama kuna sifa inayozidi hiyo.

Kibanda cha kreni ni kidogo kuliko choo cha nyumba nyingi. Kina kiti kilichochanika, kioo kinachofutwa kwa gazeti, na chupa, kwa sababu mtu hawezi kushuka ngazi yote ile kila anapobanwa. Mambo yalianzia kwenye chupa hiyo. Dereva wa zamu ya mchana alimfuata msimamizi wa yadi akalalamika kwamba kibanda kimejaa sisimizi.

"Sisimizi gani wapande kule?" msimamizi akauliza. "Wanakwenda kujifunza kazi?"

"Panda ukaone. Wamejipanga mpaka kwenye chupa ya Mwewe."

Yadi nzima ilicheka. Msimamizi hakucheka. Ni mtu mkavu, mwenye sauti ya kukoroga kokoto, na katika miaka yote aliyofanya kazi na shemeji yangu hakuwahi kumpa mkono. Alimwamuru ashuke, akampeleka zahanati ya yadi.

Muuguzi wa pale alikuwa na vijiti vya kupimia mkojo, basi. Mashine ya kupima sukari kwenye damu ilikuwa imekufa, na hakuna aliyeagiza nyingine. Alichovya kijiti, kikageuka kijani kibichi.

"Una kisukari wewe," akamwambia.

"Sijisikii kuumwa."

"Wote husema hivyo."

Amri ya yadi iko wazi, nami siipingi: mwenye kisukari anaweza kuzimia, na anayeweza kuzimia hawezi kuning'iniza chuma juu ya vichwa vya watu. Wakamtoa kwenye kreni, wakamweka getini kufungua na kufunga. Wakamwambia aache sukari, vyakula vya wanga apunguze, kisha arudi kupimwa. Mkojo ukisafika, atapanda. Usiposafika, kiti chake kitapewa mwingine moja kwa moja.

Alifuata masharti kama askari. Hapo ndipo alipoingia kwenye mikono ya mama mkwe wake.

Bibi huyo alikuwa akiishi kwa binti yake, yaani kwa mke wa shemeji yangu, na kwa sababu ya kitita cha funguo anachokifunga kiunoni mtaa mzima unamwita Bibi Funguo. Siku aliyosikia habari za kisukari alifunga kabati la jikoni. Sukari, mkate, mchele, hata ndizi, vyote vikawekwa ndani. Mwewe akawa anakula majani ya kuchemsha na kipande cha samaki, huku watoto wake wakila kawaida mbele yake.

Akakonda. Suruali ilishikiliwa na mkanda kwa imani tu. Alipokwenda kupimwa tena, kijiti kikageuka kijani kile kile, wakampa nafasi moja ya mwisho.

Ungetegemea mtu amhurumie. Nyumba ile ilimgeuka. Nilikuwapo siku moja jioni aliporudi kazini, nimekaa sebuleni kwao, na haya nimeyasikia kwa masikio yangu.

"Muuguzi amesemaje?" Bibi Funguo akauliza.

"Bado ipo, mama."

"Nimekupa majani na maji. Majani hayana sukari. Sasa hiyo imetoka wapi, imenyesha?"

"Sijui, mama."

"Hujui. Na mdomo wako nao haujui?"

Mke wake alikwenda kwenye ndoano ya mlangoni, akaanza kupekua mifuko ya ovaroli ya mumewe kama mtu wa forodha, akatoa karatasi ya peremende. Akaiweka mezani katikati yetu.

"Ya mtoto," Mwewe akasema. "Alinipa nimtupie."

"Mtoto tena," Bibi Funguo akasema. "Mtu mzima anajificha nyuma ya mtoto." Akanigeukia mimi. "Mama mwalimu, umekuja kuona mgonjwa wetu anavyojimaliza?"

"Nimekuja kumwona shemeji yangu."

"Ndiye huyo. Kilichobaki. Ila tusilaumiane, ni damu yenu. Kaka yake naye si sukari iliyomwondoa?"

"Mume wangu aliondolewa na mapafu," nikamwambia. "Na wewe ulikuwapo msibani."

"Nilikuwapo. Nikasikia yaliyosemwa nje."

"Waliokaa ndani walimsikia daktari."

Sikunywa chai yao. Shemeji alinisindikiza mpaka barabarani, akitembea polepole kama mtu aliyetoka kulazwa.

"Shemeji," akasema, "siibi sukari. Nimeona hata sabuni nikatamani kuilamba, lakini siibi. Kila nikisema, wanaona nazidi kudanganya. Wewe unaniamini?"

Nilimtazama shingo. Mikono yake ilikuwa imetulia kando ya mapaja.

"Nakuamini," nikasema. Nilifundisha historia maisha yangu yote, na historia haikunisaidia kujua sukari ile ilikuwa inatoka wapi.

Kwa mtu wa kawaida kunyang'anywa kiti ni kunyang'anywa kazi. Kwake yeye kulikuwa na zaidi. Mtu ambaye hajawahi kuweza kudanganya alikuwa ameitwa mwongo na mkewe, na mkwewe, na muuguzi, kwa ushahidi wa mkojo wake mwenyewe. Kipimo cha mwisho kilipokaribia, alifanya jambo ambalo sikulitegemea, na ambalo Bibi Funguo mpaka leo hajalisikia lote.

Aliniletea matokeo nyumbani kwangu. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, hakuvua viatu.

"Imeonyesha," akasema.

"Kijani?"

"Kijani."

Binti yangu alikuwa chumbani akijiandaa kwenda kazini. Anafundisha mazoezi ya viungo. Ni mtu wa kukimbia asubuhi na kunyanyua vyuma jioni, na sijawahi kumwona na mafua. Alitoka na taulo shingoni.

"Haiwezekani, baba mdogo," akasema.

"Kwa nini haiwezekani?" nikauliza.

Shemeji yangu akaanza kujikuna shingo.

Nikalazimika kuuliza tena, kwa ile sauti iliyokuwa ikinyamazisha darasa. Ndipo lilipotoka. Baba mdogo mtu alikuwa amekwenda kwa binti wa kaka yake, akamwomba mkojo. Binti yangu alimpa, kwenye chupa, naye akauficha ndani ya ovaroli mpaka zahanati, akaumimina kwenye kikombe cha muuguzi.

"Ulimpa mkojo?" nikamwuliza binti yangu.

"Ameniomba, mama. Hakuniomba figo."

"Chupa ilikuwa na nini kabla? Soda?"

"Maji. Niliifungua mwenyewe, mpya."

"Na muuguzi hakushuku?"

"Alishuku," Mwewe akasema. "Alishika kikombe akasema ni cha baridi kama cha maiti. Nikasema nimetembea nao. Akachovya, kikawa kijani, akacheka. Akasema kama ningekuwa nimeazima, ningeazima msafi."

Nilikasirika kiasi kwamba nilisimama nikakaa tena. Katika nyumba ya mume wangu hatujawahi kufanya kitu cha kuficha kwenye nguo. Nilimwambia hivyo, na mengine ambayo siyaandiki. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha binti yangu akauliza swali ambalo sisi wawili, kwa hasira na aibu, tulikuwa tumeliruka.

"Sasa mimi ndiyo mgonjwa?"

Kesho yake niliwapeleka wote wawili hospitali kubwa. Walitolewa damu kabla ya kula, wakanyweshwa maji yenye sukari nyingi, wakatolewa tena. Mkojo ukapimwa pia. Binti yangu aligoma kumtazama baba yake mdogo, naye baba mdogo aligoma kunitazama mimi, hivyo tulikaa kwenye benchi kama abiria wasiojuana.

Daktari wa figo ni mwanamke wa umri wa binti yangu, anayesema haraka. Alituita pamoja.

"Damu zenu ni safi," akasema. "Kabla ya sukari, baada ya sukari, zote za kawaida. Hakuna mwenye kisukari hapa. Lakini mikojo yenu yote miwili ina sukari."

"Kwa hiyo inatoka wapi?" nikauliza.

"Inatoka kwenye damu, kama inavyotoka kwa kila mtu. Hata kwako." Akamgeukia Mwewe. "Wewe unafanya kazi gani?"

"Kreni."

"Vizuri. Figo inachuja damu mchana na usiku. Inapochuja, maji yanatoka, chumvi inatoka, na sukari nzuri ya mwili inatoka nayo, yote inaingia kwenye vijirija vyembamba kuliko unywele. Kama ingeishia hapo, tungeikojoa yote. Lakini kwenye kuta za vijirija hivyo kuna vibebaji. Fikiria kreni ndogo ndogo, zimepangwa ukutani. Kila moja inadaka sukari pamoja na chembe ya chumvi, inaivusha ukuta, inairudisha kwenye damu. Sehemu kubwa inanyanyuliwa mwanzoni kabisa mwa kijirija. Kinachoponyoka kinadakwa mbele kidogo na vibebaji vya aina nyingine. Mpaka mkojo ufike mwisho, kwa watu wengi hakuna sukari iliyobaki."

"Na mwenye kisukari?"

"Huyo sukari yake kwenye damu ni nyingi mno. Mzigo unapita kasi kuliko kreni zinavyoweza kunyanyua, unamwagika. Wewe mzigo wako ni wa kawaida. Kreni zako ndizo pungufu. Umezaliwa nazo hivyo. Ule majani, ule keki, sukari kidogo itapita tu. Na kwa kuwa binti huyu ni wa kaka yako, nadhani kaka yako naye alikuwa hivyo."

Mwewe alikuwa amevua kofia, ameikunja. "Ni ugonjwa?"

"Ni hitilafu isiyokudhuru. Kuna dawa siku hizi tunawapa wagonjwa wa kisukari, kazi yake ni kuzifanya figo zao zimwage sukari kama zako. Wao wanainunua, wewe umerithi. Kinachokuumiza sasa ni njaa. Nenda ukale."

Nje ya hospitali alikula sahani mbili za wali, mwenyewe, bila kuinua kichwa. Nilimwacha amalize, kisha nikampa sharti langu. Tungekwenda yadini na majibu yake ya damu, tungeeleza habari ya vibebaji, lakini jina la binti yangu lisingetajwa, wala mambo ya chupa. Watu walikwisha kutuita ukoo wa sukari. Sikutaka watuite na ukoo wa wezi wa mikojo.

"Unaniahidi?" nikamwuliza.

"Nakuahidi, shemeji."

Ofisi ya msimamizi ni kontena lililokatwa madirisha. Muuguzi alikuwapo. Msimamizi alisoma majibu amesimama, sisi tukiwa tumekaa.

"Damu safi," akasema. "Mkojo una sukari. Nimewahi kuona mengi, hili sijaliona."

"Liko," nikamwambia. "Ni la kurithi."

"La kurithi. Maana yake kuna mwingine kwenye familia anayekojoa hivyo, tena mzima. Mnaye?"

Feni ya mezani iligeuka kwake, ikageuka kwetu.

Muuguzi hakuwa mjinga. Niliona wazo likimfika usoni. "Kile kikombe cha mwisho," akasema taratibu. "Kilikuwa cha baridi. Kilikuwa cha nani?"

Shemeji yangu alinitazama. Mkono wake ulikuwa umeshafika shingoni. Nilielewa kwamba angekaa hivyo hivyo mpaka jioni, ajikune mpaka atoke damu, asiseme, kwa sababu mimi ndiye niliyemfunga. Kwa ajili ya jina letu nilikuwa namfanya awe kile walichomwita.

"Kilikuwa cha binti yangu," nikasema. "Mtoto wa kaka yake. Amepimwa damu hospitali ile ile, naye ni mzima. Huyo ndiye mwingine uliyemtaka."

Muuguzi akajishika mdomo. Nadhani alikuwa anacheka, wala sikumlaumu.

Msimamizi hakucheka. Aliketi sasa, kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo ulileta mkojo wa mtu," akamwambia Mwewe.

"Nilileta."

"Na kama ungekuwa msafi, ungenyamaza, ukapanda kreni."

"Ningepanda."

"Hukujua kama ni mgonjwa au si mgonjwa. Ulikuwa tayari kupanda hivyo hivyo, na vijana wangu wako chini."

"Ndiyo," Mwewe akasema.

"Basi sukari nimeifuta. Huna kisukari, muuguzi ataandika hivyo. Lakini kwenye kreni yangu hupandi tena. Geti lipo kama unalitaka."

Nilimwambia msimamizi kwamba mtu huyu ameshusha vyuma vyake miaka yote bila kuumiza kidole cha mtu, na kwamba zahanati isiyo na mashine ya damu ndiyo iliyomfikisha hapo. Alinijibu kwamba habari ya mashine ni kweli, na ya chupa pia ni kweli. Nilitafuta neno la kumvunja nalo na sikulipata. Hilo liliniudhi kuliko matusi yote ya Bibi Funguo.

Mwewe alikataa geti. Nyumbani kwake nilikwenda mimi mwenyewe kueleza. Nilisema ya vijirija na vibebaji, nikasema ya damu safi, na nikamtaja binti yangu kwamba naye yuko hivyo. Ya chupa nilimwachia mwenyewe amweleze mkewe, naye alimweleza siku hiyo hiyo. Mke wake alilia, akamwomba radhi mbele yangu. Bibi Funguo alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nani alikuwa anamaliza sukari kabatini?" akauliza.

"Funguo unazo wewe, mama," binti yake akamjibu.

Bibi alihamia kwa binti yake mwingine kabla ya mwezi kuisha, na mtaani anasema tulimfukuza. Hatukumfukuza. Hatukumzuia tu.

Shemeji yangu alikaa bila kazi kwa muda, akarudisha mwili wake, kisha akaomba katika yadi nyingine, upande wa pili wa mji, wanakokata meli kuukuu. Daktari wao alimpa kikombe. Kabla hajakipokea alisema, "Mkojo wangu utakuonyesha sukari. Sina kisukari. Nipime damu."

"Wengi hulificha hilo," daktari akamwambia.

"Mimi nililificha mara moja. Nikaazima kwa mtu, nikapewa ule ule."

Walimpima damu. Kisha wakampigia simu msimamizi wa yadi ya zamani, kuuliza ni mtu wa namna gani. Nimeambiwa alichojibu. Alisema Mwewe aliwahi kumdanganya mara moja, na hakuwahi kumgusisha mtu mzigo. Nilipoelezwa hivyo, kuna aliyesema nimpelekee shukrani. Sikuona sababu. Alisema yaliyo kweli, tena nusu yake ilikuwa haitusifu.

Yuko juu sasa, asubuhi mpaka mchana. Katika yadi hiyo hakuna asiyejua habari ya mkojo wake, maana amewaambia mwenyewe, na nasikia wanamtania sana.